UPEPO UNAOVUJA HULIPIWA: TUZIPIME KOMPRESA ZETU



Mara kwa mara wanachama wa viwanda vya barafu, vya samaki na vya mashambani hutuletea neno lile lile: mwenye kiwanda asema umeme umekuwa ghali mno, kwa hiyo saa za ziada zitakatwa na vibarua watapunguzwa. Neno hili halijibiwi kwa kelele, lajibiwa kwa hesabu. Na hesabu yenyewe si ngumu kuliko ile tunayoifanya tukigawana samaki ufuoni.

Katika viwanda vingi umeme unaopotea haupotei mikononi mwa mfanyakazi. Wapotea ndani ya mashine moja ambayo watu huipita kila siku bila kuitazama, nayo ni kompresa. Katika makala haya twataka kueleza jinsi kompresa ya parafujo inavyofanya kazi, wapi inapoteza umeme, na jinsi upotevu huo unavyopimwa, ili kamati ya tawi ikikaa mezani na uongozi iwe na namba mkononi.

Jambo hili latuhusuje?

Sisi twatoka Chula, katika Visiwa vya Bajuni, kusini ya Kismayo. Kisiwani kwetu maisha ni bahari: samaki, papa, na kamba. Lakini samaki bila barafu ni mali ya siku moja tu. Mvuvi wa Chula, wa Koyama au wa Chovai akisubiri barafu kutoka mjini, anasubiri kompresa. Barafu ikiwa ghali, bei ya samaki pale pwani hushuka, kwani mnunuzi huikata gharama yake kwa mvuvi kwanza. Mtu ambaye hajaiona mashine hiyo maishani mwake huilipia kila siku.

Wazee wetu waliiona Kismayo ikijengwa kiwanda cha nyama kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, na bonde la Juba likipata kiwanda cha sukari cha Marerey, kilichofunguliwa mwaka 1980. Vita vilivyolipuka mwaka 1991 viliibomoa kazi hiyo, na watu wetu wengi walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, ambako baadhi yao waliingia viwandani. Leo Somalia haina gridi moja ya umeme ya nchi nzima. Miji hupata umeme kwa makampuni ya watu binafsi yenye jenereta za dizeli, na siku hizi nguvu ya jua imeongezwa mahali mahali. Umeme wa namna hiyo ni ghali sana. Kwa hiyo uniti moja ikipotea Kismayo huuma kuliko ikipotea mahali penye mabwawa ya umeme.

Ndugu zetu wa mashambani nao wasidhani hili ni la viwanda vya mjini tu. Kiwanda cha sukari hutumia upepo kufungua na kufunga valvu. Karakana ya shamba hutumia upepo kwa matairi, kupuliza vumbi na kupaka rangi. Ghala la baridi la matunda nalo lina kompresa yake.

Kompresa ya parafujo ni nini?

Kompresa ya zamani hufanya kazi kwa pistoni, kama pampu ya baiskeli: huvuta, hushindilia, husukuma. Kompresa ya parafujo haina pistoni. Ndani yake mna vyuma viwili virefu vilivyosokotwa kama parafujo nene, mafundi huviita rota dume na rota jike. Vikizunguka vinaingiana. Upepo huingia upande mmoja katika mifereji yake, nafasi hupungua kadiri upepo unavyosogea mbele, na unapotoka upande wa pili umeshindiliwa.

Fikra hii ni ya zamani. Mjerumani Heinrich Krigar aliiandikisha mwaka 1878, lakini mafundi wa wakati ule hawakuweza kuchonga vyuma hivyo kwa usahihi uliotakiwa. Ni katika miaka ya 1930 ambapo mhandisi wa Uswidi, Alf Lysholm, aliifanya ikawa mashine ya kweli. Baadaye wakaanza kuingiza mafuta ndani ya rota. Mafuta hayo hufanya kazi tatu: hulainisha, hupoza, na huziba mwanya ulio baina ya rota na rota, na baina ya rota na ukuta wa nyumba yake.

Mwanya huo ndio wa kukumbuka. Ni mdogo kuliko unywele, lakini upepo ulioshindiliwa hutafuta kurudi nyuma kupitia humo. Beringi zikichakaa, mwanya hupanuka. Mafuta yakiwa mabovu au moto kupita kiasi huwa mepesi, na hayazibi tena. Mota inavuta umeme ule ule, lakini upepo unaotoka ni mchache. Mashine haipigi kelele ya kulalamika, na bili peke yake ndiyo inayopanda.

Umeme unakwenda wapi?

Yafaa ifahamike kwamba hata kompresa nzima ni mlaji mkubwa. Katika kila uniti 10 za umeme zinazoingia, karibu 9 huwa joto. Ndiyo sababu chumba cha kompresa ni cha moto kama tanuri. Inayofika kwenye kifaa kama kazi ni uniti 1 hivi. Kwa hiyo upepo wa kushindiliwa ni katika nguvu za bei kubwa kabisa kiwandani, ingawa watu husema upepo ni wa bure. Mtu anayejipuliza vumbi la nguo kwa mpira wa kompresa anatumia nguvu ya bei hiyo, na zaidi ya hayo anahatarisha macho na ngozi yake.

Juu ya joto hilo ambalo halikwepeki, upotevu unaoweza kuzuilika ni wa namna tano:

1. Uvujaji wa mabomba, viungo na mipira.
2. Mashine kunguruma bila kazi. Kompresa ya parafujo ikiachwa bila mzigo, bado hula kama robo hadi mbili ya tano ya umeme wake wa kazi.
3. Shinikizo la juu kuliko linalotakiwa. Kila bar 1 inayoongezwa hula umeme zaidi kwa kama asilimia 6 au 7.
4. Hewa ya moto mlangoni. Hewa ya moto ni nyepesi. Nje ikiwa digrii 30 na chumbani 45, mashine huvuta nafasi ile ile lakini hewa pungufu kwa karibu asilimia 5, na umeme ni ule ule.
5. Uchakavu wa ndani: rota, beringi, mafuta, chujio la hewa lililoziba, na kitenganisha mafuta kilichojaa uchafu.

Namna ya kupima

Vifaa vinavyotakiwa ni saa yenye sekunde, geji ya shinikizo inayosema kweli, kipimo cha umeme, kalamu na daftari. Upande wa umeme afanye fundi wa umeme mwenye ruhusa, si mtu mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa mashine yenye mota ya kilowati 55. Kibao chake kimeandikwa kwamba hutoa mita 9 za ujazo za hewa kwa dakika, kwa shinikizo la bar 7. Namba tunazozitumia ni za mfano, kila tawi liweke zake.

Kipimo cha kwanza: umeme unaoingia

Mashine ikiwa na mzigo kamili kwa bar 7, fundi apime volti na ampea. Kwa umeme wa waya tatu hesabu ni hii: zidisha 1.73 kwa volti, kwa ampea, kwa pawafakta. Tukipata volti 400, ampea 100 na pawafakta 0.85, jibu ni kama wati 59,000, yaani kilowati 59.

Kisha apime mashine ikiwa bila mzigo. Hapa ampea peke yake hudanganya, kwa sababu pawafakta hushuka sana mota ikiwa nyepesi. Heri kutumia kipimo kinachosoma kilowati moja kwa moja. Tuseme imesoma kilowati 18.

Kipimo cha pili: upepo unaotoka

Tangi la kupokea upepo la mfano wetu lina ujazo wa mita 3. Mwageni maji yote yaliyomo chini, maana maji hula nafasi na kuharibu hesabu. Fungeni valvu ya kwenda kiwandani. Tangi likiwa na bar 4, ipeni mashine mzigo na mhesabu sekunde mpaka geji ifike bar 7.

Tangi la mita 3 likipanda bar 3 limepokea kama mita 9 za hewa ya kawaida, kwani bar 1 ni karibu sawa na uzito wa hewa inayotuzunguka. Mashine nzima, ya mita 9 kwa dakika, ingelijaza kwa sekunde 60. Ikichukua sekunde 75, basi inatoa mita 7.2 tu kwa dakika. Sehemu moja katika tano imepotea ndani ya mashine yenyewe. Rudieni mara tatu na kuchukua wastani. Kwa kuwa hewa ya tangini huwa na joto, jibu halitakuwa kamili kama la maabara, lakini likirudiwa kila mwezi kwa namna ile ile litaonyesha mashine inakwenda wapi.

Sasa gawanyeni umeme kwa upepo. Kwenye kibao, kilowati 59 kwa mita 9 ni 6.6. Kwa kipimo chetu, 59 kwa 7.2 ni 8.2. Namba hii ndiyo mapigo ya moyo wa kompresa: kilowati kwa kila mita ya ujazo kwa dakika. Kwa bar 7, mashine nyingi nzuri huwa baina ya 6 na 7. Mashine ya mfano wetu inakula robo zaidi kwa kazi ile ile.

Kipimo cha tatu: uvujaji

Kipimo hiki hufanywa kiwanda kikiwa kimesimama na hakuna kifaa kinachotumia upepo. Valvu zote za mabomba ziwe wazi kama siku ya kazi. Washeni kompresa na kuandika inashika mzigo kwa sekunde ngapi na inapumzika kwa sekunde ngapi. Kama hakuna uvujaji, ikishajaza haitashika mzigo tena. Ikishika, inajaza matundu.

Tuseme inafanya kazi sekunde 90 na kupumzika sekunde 210. Jumla ni 300. Gawanya 90 kwa 300, jibu ni asilimia 30. Karibu thuluthi ya upepo wa mashine haifiki kwenye kazi. Mtandao unaotunzwa vizuri hauzidi asilimia 10. Tundu moja tu la milimita 3, kwa bar 7, hula kama kilowati 3 hadi 4 muda wote mabomba yakiwa na upepo.

Matundu hutafutwa kwa sikio wakati wa kimya, kisha kwa povu la sabuni na brashi. Yatafutwe zaidi kwenye viungo vya mipira, kwenye valvu za kumwaga maji, na kwenye mabomba ya mashine zilizokufa zamani ambazo hakuna aliyezifungia upepo.

Kipimo cha nne: njiani

Someni geji kwenye tangi, kisha geji kwenye kifaa cha mbali kabisa kazi ikiwa imepamba moto. Tofauti ikizidi nusu bar, kuna chujio lililoziba au bomba jembamba mno. Wasimamizi wengi hulijibu jambo hili kwa kupandisha shinikizo la kompresa. Dawa hiyo huongeza ugonjwa, maana shinikizo likipanda, matundu nayo huvuja zaidi.

Tazameni pia joto la upepo na mafuta yanapotoka kwenye rota. Kwa kawaida huwa digrii 75 hadi 95. Likipita 100, poza ni chafu, mafuta hayatoshi, au chumba hakipumui. Mwambao wetu una chumvi na vumbi, navyo hushika kwenye mapezi ya poza kama kutu kwenye nanga.

Hesabu ya mwaka

Mashine yetu ya mfano inafanya kazi saa 16 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani saa 4,800. Uvujaji huilazimisha kushika mzigo asilimia 30 ya wakati. Tusiseme kwamba tukiziba matundu yote tutaokoa kilowati 59 kwa sehemu hiyo, kwani mashine isiposhika mzigo bado hula 18. Tofauti ni 41, na asilimia 30 yake ni kilowati 12.3. Zidisha kwa saa 4,800, ni kama uniti 59,000 kwa mwaka.

Tena, mashine huachwa ikinguruma saa 4 zaidi kila siku baina ya zamu na wakati wa chakula. Hata bila uvujaji, kilowati 18 kwa saa 4 kwa siku 300 ni uniti 21,600. Jumla imepita uniti 80,000, kabla hatujagusa uchakavu wa rota. Chukueni bili ya kiwanda chenu na mzidishe kwa bei ya uniti moja. Kisha iwekeni namba hiyo kando ya mishahara ya vibarua wanaotaka kuondolewa. Hapo maneno yatakuwa na uzito mwingine.

Kompresa za barafu na baridi

Katika kiwanda cha barafu kompresa ya parafujo haishindilii hewa bali gesi ya kupoza, mara nyingi amonia. Kipimo kilicho wazi kwetu ni uniti kwa tani moja ya barafu. Maji ya digrii 30 yakigeuzwa barafu ya digrii 5 chini ya sifuri, tani moja hutoa joto lenye kiasi cha uniti 130. Mfumo mzuri huhamisha joto hilo kwa kompresa kula kama uniti 45 hadi 55, kisha pampu na feni huongeza zao. Andikeni mita ya umeme asubuhi na jioni, na mhesabu tani zilizotoka. Mkiona uniti 100 na zaidi kwa tani, pana jambo la kuulizwa.

Mara nyingi jambo hilo ni kondensa yenye magamba na chumvi, barafu iliyoganda nene kwenye koili, au mlango wa ghala usiofunga. Kila digrii moja ambayo kondensa inazidi kuwa moto, au koili inazidi kuwa baridi bila haja, huongeza umeme kwa asilimia 2 hadi 3.

Tahadhari

Kazi ya kupima isimuumize mtu. Msizibe tundu la upepo kwa kidole wala kiganja, maana upepo wa bar 7 waweza kupenya ngozi na kuingia damuni. Msiguse valvu ya usalama ya tangi kwa sababu yoyote. Msilegeze kiungo chenye shinikizo ndani yake. Mahali pa amonia pasiguswe bila barakoa inayofaa na fundi aliyefunzwa, na njia ya kutokea iwe wazi.

Tudai nini?

Nchini Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliweka sharti kwamba kiwanda kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na kitekeleze sehemu ya yale yaliyogunduliwa. Ndugu zetu walio viwandani huko wana haki ya kuuliza: ukaguzi ulifanywa lini, na ulisema nini juu ya kompresa? Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, makubaliano ya pamoja baina ya chama na mwajiri yaweza kufanya kazi yake.

Maombi yetu kwa kila tawi ni haya:

Kwanza, liwepo daftari la kompresa, liandikwe kila wiki, na kamati ya wafanyakazi iruhusiwe kulisoma.

Pili, mwendesha mashine afunzwe kupima, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ujuzi katika daraja lake la mshahara.

Tatu, anayeripoti uvujaji asiadhibiwe wala asiambiwe kwamba ndiye aliyeharibu.

Nne, kabla ya mwajiri kutaja kupunguza watu kwa sababu ya umeme, vipimo vinne vifanywe mbele ya pande zote mbili.

Tano, sehemu ya fedha zinazookolewa irudi kwa wafanyakazi kwa njia itakayokubaliwa, kwani mikono iliyoziba matundu ni yao.

Wako watakaosema kuokoa umeme ni kumsaidia tajiri. Sisi twasema sivyo. Kiwanda cha barafu kikifungwa, wa kwanza kulala njaa ni mpakiaji, na wa pili ni mvuvi wa kisiwani ambaye samaki wake wataoza. Kiwanda kinachojua kinakula nini hudumu. Nao mfanyakazi anayejua kiwanda kinakula nini hadanganywi kwa urahisi.

Katibu wa kila tawi aanze na kipimo cha uvujaji, maana hakihitaji ila saa na daftari. Majibu yaletwe katika mkutano ujao wa matawi, yakiwa na tarehe, jina la mashine, na sahihi ya waliopima.

Umoja ni nguvu, na hesabu ni ngao yake.